Mwonjaji wa Bia Chungu

Hakuwahi kumaliza glasi ya bia. Naanza na hilo kwa sababu waliomcheka baadaye pale Mbinga walidhani wanamcheka mlevi, nami niliyejua ukweli niliwaacha wacheke.

Kazi yake ilikuwa kuonja. Miaka ile ya ruksa, mwenye mtaji alipoanza kuachiwa anunue, auze na atengeneze anachotaka, tajiri mmoja aliyepata fedha kwenye kahawa alijenga kiwanda kidogo cha bia nyuma ya ghala lake. Kilikuwa na matangi matatu, handaki lililochimbwa ubavuni mwa kilima ili bia ikae baridi, na sufuria moja kubwa kuukuu iliyonunuliwa misheni. Tulikuwa wafanyakazi wanane. Mmoja wetu alikuwa mzee ambaye hakubeba gunia, hakuchochea moto wala kuosha chupa. Bia ikiiva aliletewa glasi, akaonja, akasema neno moja kati ya mawili: "Ipite," au "Imwagwe." Neno hilo halikuwa na rufaa, hata kwa Tajiri. Tulimwita Mwonjaji, na nilipokwenda kwake mara ya kwanza nilimsikia hata mkewe akimwita hivyo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari niliyechoka kufundisha kemia bila hata kibiriti. Tajiri alinichukua nipime joto la matangi na kuandika maonjo ya mzee kwenye daftari. Pale kiwandani wote waliendelea kuniita Mwalimu. Yeye pia aliniita hivyo, ila kwa namna ya kunikumbusha kwamba hapo sijui kitu.

Bia yenyewe ilikuwa ya Kicheki. Ujanani mzee alifanya kazi jikoni kwenye misheni moja ya milimani, na hapo palikuwa na bruda seremala kutoka nchi ya Wacheki ambaye kila miezi ya baridi alipika bia ya kwao. Ilikuwa ya rangi ya asali nyepesi, yenye povu zito na uchungu uliotokana na hopsi, yale maua makavu yaliyomfikia kwa posta. Bruda alimfundisha kijana wa jikoni kuonja kwa sababu alihitaji ulimi wa pili, na wale mapadri, alisema, walikuwa wanakunywa tu. Bruda alipofariki, ile bia ilibaki mdomoni mwa mtu mmoja katika wilaya nzima. Alikaa nayo miaka mingi ya foleni za sukari na sabuni, miaka ambayo hata bia ya kawaida ilikuwa ya kufahamiana na mwenye baa, mpaka Tajiri alipomfuata.

Aliulinda mdomo wake kuliko watu wengine wanavyolinda shamba. Kabla ya saa sita hakula kitunguu, tangawizi wala pilipili. Tumbaku hakuigusa, na mtu mwenye sigara alimwamkia kwa mbali, kwa mkono. Asubuhi alikula ugali mkavu, bila mboga, akisukutua kwa maji ya chemchemi ileile tuliyotumia kiwandani. Akishayaonja hayo maji alitutangazia hali yake kana kwamba ni mgonjwa aliyelala kwake: leo mepesi, leo yana mizizi, leo yasubiriwe.

Alikuwa na maneno yake. Kuhusu kutema alisema, "Anayetema hajaonja, amesukutua." Uchungu wa hopsi unakaa nyuma kabisa ya ulimi, na huwezi kuujua mpaka umemeza. Akishameza, alianza kukunja vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba. Uchungu ulitakiwa uje, ukae, uondoke, yote kabla hajafika kidole cha mwisho. "Uchungu wa maana unajua kuaga," aliniambia. Mpaka leo nikinywa dawa najikuta nakunja vidole.

Siagi aliiruhusu. Bia ya namna hiyo huwa na kaharufu ka siagi kwa mbali, na Bruda alikuwa akikapenda. Harufu ya mahindi ya kuchemsha ndiyo iliyokuwa haramu. Inatokea kimea kisipochemka vya kutosha sufuria ikiwa wazi, kwa hiyo amri yake ya kwanza, aliyoirudia mpaka ikatuchosha, ilikuwa kwamba sufuria ya bia haifunikwi, hata mvua ikinyesha, hata kuni zikiisha. Ilikuwa amri ngumu kwa watu wa kwetu. Umatengo mzima chungu kikiwa motoni kinafunikwa, maana kuni zinatoka mbali, na binti anayeacha chungu wazi anaulizwa kwao walimfundisha nini.

Siku yangu ya kwanza alinipa glasi mbili. Nilinusa, nikasema ya pili ndiyo nzuri, inanukia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Njooni mumwone Mwalimu! Ana pua ya jikoni kwa mama yake." Ile ya pili ilikuwa na mahindi. Mama yangu alikuwa mpika pombe, na ni pombe ya mahindi iliyonisomesha. Wengine wote walicheka pia, kwa kumfurahisha. Nilitabasamu, nikaenda kulia kwenye handaki. Sikumsamehe siku ile, na nasema hili nisije nikajipamba baadaye.

Hata hivyo alinifundisha. Alinifundisha kwa ukali, bila kunisifu hata mara moja, na baada ya mwaka nilikuwa naweza kulala na kuamka nikijua tangi lipi limekosewa. Alisema uso wangu ni mbaya kwa mtu mwenye siri. "Ukionja, mtu aliyekaa ng'ambo ya barabara anajua umekuta nini."

Lilikuwepo jambo moja ambalo sikulielewa kwake. Kiwandani alikuwa mkali wa kuogopesha. Aliwahi kumrudishia mke wa Tajiri sahani ya pilau mbele ya wageni, akisema mchele umepikwa na mtu mwenye haraka. Lakini mkewe mwenyewe alizidisha chumvi, kila mlo, mpaka sisi tuliokaribishwa tulikunywa maji njia nzima. Yeye alikula akamaliza, akashukuru. Nilimuuliza. "Kule naonja," alisema. "Hapa nakula." Yule mama alipofariki, mzee aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakagua chupa, kwamba chakula cha watu wengine wote kimepooza.

Watu wa mjini hawakuipenda bia yetu. Maduka yalikuwa yamejaa makopo na chupa za kila rangi kutoka nje, na watu waliokaa miaka bila chaguo walitaka kitu baridi, kitamu, chenye picha nzuri. Yetu waliiita mwarobaini. "Nipe mwarobaini mbili," walimwambia mhudumu, na baa nzima inacheka. Tajiri alimsihi mzee apunguze hopsi. Mzee akamwambia wanaotaka utamu soda ipo. Walibishana mwaka mzima, na kiwanda kikawa kinakula kahawa ya Tajiri. Tegemeo likabaki moja: wageni kutoka Dar es Salaam, watu wa hoteli waliotafuta bia ya namna hiyohiyo, chungu, ya Kicheki, kwa wateja wao. Wakiipenda tungepona. Wasipoipenda, Tajiri alisema wazi kwamba atarudisha magunia ya kahawa mle ndani na sisi wanane tutafute pa kwenda.

Kabla ya kufika huko lazima nieleze homa. Mzee alishikwa na malaria iliyomlaza hospitali, akawekewa drip za kwinini siku nyingi. Alirudi kwetu amekonda, na kitu kimoja kikabadilika. Zamani alionja yeye kwanza, kisha mimi. Sasa alininyooshea mimi glasi kwanza. Nilijivuna. Nilidhani hatimaye ameniona.

Kisha nikapata jino. Gego la kushoto lilioza, nami nikaja kazini hivyohivyo. Siku hiyo bia ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Nilimeza, baridi ikanichoma jino, nikakunja uso. Mzee alikuwa ananitazama. Akachukua glasi yake, akaonja, akakunja vidole vyote vitano taratibu, akasema, "Imwagwe."

Tangi zima lilimwagwa mtaroni kwa sababu ya gego langu. Nilisimama nikiitazama ikienda na povu lake, nikaelewa kila kitu. Hakuwa na ulimi tena. Homa, au kwinini, ilikuwa imeuchukua, na tangu atoke hospitali alikuwa anausoma uso wangu.

Sikumwambia kwamba nimejua. Wala sikumwambia mtu mwingine. Ningependa kusema nilimhurumia, na huruma ilikuwepo, ila ilikuwepo pia raha, raha mbaya ya mtu aliyechekwa. Yule aliyeniambia nina pua ya jikoni kwa mama yangu sasa alikuwa haendi popote bila pua hiyo. Nilianza kuonja polepole, kwa makini, nikimpa uso ulio wazi ili asikosee. Kwa miezi kadhaa maonjo yote kwenye daftari yalikuwa yangu, kwa jina lake, na yalikuwa sahihi.

Sasa lile kosa. Mzee alikwenda Kigonsera kumzika dada yake, akaniachia upishi wa bia ambayo wageni wangekuja kuionja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuni zilikuwa mbichi, moto unafuka tu, sufuria haichemki. Mchana ukapita. Wenzangu walinitazama, nami nikafanya ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya bila hata kufikiri: nilichukua bati, nikafunika. Sufuria ikachemka. Nilifurahi. Nililitoa bati jioni, nikalirudisha lilipokuwa, na kwenye daftari sikuandika kitu.

Bia ile hukaa wiki nyingi handakini kabla ya kuiva. Siku tatu kabla ya wageni nilishuka peke yangu, nikachota kidogo, nikanusa. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa mama. Mahindi.

Tangi la pili lilikuwa bado changa, la tatu tupu. Ningeweza kumwambia mzee, naye angesema imwagwe, na Tajiri angewapigia simu wageni wasije, na huenda wangekuja siku nyingine, na huenda wasingekuja kabisa. Ningetakiwa pia kusema kwamba nilifunika sufuria. Nilikisikia tayari kile kicheko chake, kile cha kushika ukuta. Nikanyamaza.

Wageni walikuja wanne. Kwetu mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja mbele yake, na Tajiri, kwa heshima, alimweka mzee mbele katika suti ya harusi ya mtu mwingine. Mimi nilisimama kando na daftari. Mzee akapokea glasi, akaninyooshea kwanza, akawaambia wageni, "Huyu ni Mwalimu wetu. Huanza yeye."

Nilijua uso unaotakiwa. Nilikuwa nimeuvaa kwa kweli mara nyingi: macho yanafumba nusu, paji linakunjika kidogo uchungu unapokuja, kisha pumzi inatoka na mabega yanashuka. Nilinywa, nikaufanya wote, hatua kwa hatua. Uso wangu ambao haukuwahi kuficha kitu, siku hiyo uliweza.

Mzee akainua glasi yake, akanusa. Akaishusha. Akanusa tena. Tangu homa ile hakuwahi kunusa mara mbili, nami nilidhani anawafanyia wageni mbwembwe. Akaniangalia. Nikatabasamu kidogo. Akanywa, akakunja vidole, na alipofika kidole cha mwisho akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Ipite."

Mmoja wa wageni, mama wa makamo mwenye miwani, alinusa yake na hakuinywa. "Mahindi," alisema kwa upole. "Mlifunika sufuria?"

Tajiri alimtazama mzee. Mzee hakunitazama mimi. Aliweka glasi chini, akavua kofia. "Samahani, Tajiri. Samahani, wageni. Ulimi wangu ulikufa nilipougua. Nimewadanganya wote. Kosa ni langu."

Hapo ndipo pangekuwa pangu pa kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Badala yake niliinama, nikaandika kwenye daftari tarehe na neno "Ipite," kwa mwandiko mzuri, kama nilivyoajiriwa kufanya.

Wageni walikula chakula wakaondoka mapema. Kabla ya mavuno ya kahawa mle ndani mlirudi magunia. Mjini wakasema ulevi ndio uliomuua ulimi, wakampa mzee jina, Mzee Mahindi, na watoto wakamwimbia njiani kutoka kanisani. Aliuza nyumba, akashuka ziwani, Lipingo, kwa binti yake. Mimi nilirudi kufundisha. Nilipoulizwa habari za kiwanda nilisema mzee alizeeka, na watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Miaka ilipita kabla sijapelekwa ziwani kusimamia mitihani. Nilinunua chupa Songea, maana sasa hata bia ya Wacheki wenyewe ilikuwa inauzwa, imeandikwa kwa lugha yao, rafu moja na maji ya kunywa. Niliifunga kitambaa kilicholowa maji, nikasafiri nayo hadi Lipingo.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alinitambua mara moja. "Mwalimu. Umenenepa."

Binti yake alileta ugali wa muhogo na samaki, mbasa wa kuchemsha. Alituwekea mabakuli mawili, akanisogezea la kushoto. "Chukua hili, dada. Hilo la baba halina chumvi. Tangu aje hataki chumvi, hataki nyanya, hataki kitu. Anasema kwake ni kupoteza."

Nilikuwa nimeshakata tonge. Nililiweka chini, nikanawa mkono nikiwa sijala. Mzee yeye aliendelea, anatafuna kwa adabu, macho ziwani, jinsi mtu anavyomaliza zamu yake.

"Mzee," nikasema, "ile bia ya wageni. Niliyefunika sufuria ni mimi. Siku uliyokwenda msibani."

Akaacha kutafuna.

"Na siku ile ulipoonja mbele yao," aliuliza, "ulisikia mahindi?"

"Nilisikia, Mzee. Niliyasikia tangu siku tatu nyuma."

"Ukanipa ule uso."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alisukuma bakuli pembeni, akaongea taratibu, akiyatazama maji.

"Na mimi niliyasikia," alisema. "Nilinusa, nikasikia mahindi. Moyo ukanidunda. Nikasema, hebu ngoja. Nikanusa tena, yapo. Nikakutazama wewe. Umetulia, kama mtu aliyetoka kukomunika kanisani. Nikasema, basi, ni pua inaota. Mtu akifiwa si huwa anamsikia marehemu akikohoa uani? Nikasema ni hivyo."

Niliishika chupa magotini, bado imo kwenye kitambaa.

"Ulikuwa unarudi," alisema. "Ulimi. Ulikuwa unarudi, na siku hiyohiyo nikatangaza umekufa. Tangu hapo kila kinachonijia mdomoni najiambia ni kumbukumbu, nisikisikilize. Binti yangu anapika miaka yote hii. Sijui anapika vipi."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Hakutoka, hakuingia.

Mzee alininyooshea mkono. Nilidhani anataka nimsaidie kusimama, kumbe anataka chupa. Aliifungua kwa ukingo wa kigoda, akamimina kwenye kikombe cha bati, akalisubiri povu. Kisha akainuka mwenyewe, akakigeuza kigoda, akakaa tena akiwa amenipa mgongo, anatazama ziwa. Kutoka nilipokuwa niliona shingo yake na mkono wa kushoto uliolala juu ya goti. Alinusa. Alinusa mara ya pili. Alikunywa, kidole gumba kikajikunja, kikafuata kingine, na kingine, nami nilikuta vyangu pia vinajikunja.

"Siagi," alisema kuliambia ziwa. "Kidogo." Akakaa kimya hadi kidole cha mwisho. "Ipite."

Kisha akamwambia binti yake, bila kugeuza kichwa, "Mama, niletee chumvi."

Nilikaa pale nikisubiri anigeukie. Alitia chumvi kwenye bakuli, akaonja, akatia tena, akaendelea kula akiwa amenipa mgongo vilevile. Jua liliposogea, binti yake alikuja kunishika mkono, akanisindikiza mpaka barabarani.